Jim Reeves: Msee wa Texas Aliyekufa 1964 na Bado Kila Krisi Anaimba Kericho

Kama umewahi kupanda mat ya Kericho tarehe 23 Desemba, hii stori unaijua hata kabla niianze. Kutoka Nairobi hadi Nakuru dere anapiga ngoma za vijana, gari inatetemeka, kila mtu ako na maoni. Mkifika Mau Summit baridi inaanza kuingia kwa dirisha, mathee mmoja wa nyuma anaomba muziki ubadilishwe, na dere hata haulizi aweke nini. Anachomoa flashi moja, anachomeka ingine. Mkifika Brooke, pale majani chai inaanza kujaza macho kushoto na kulia, kuna sauti nzito ya mwanaume inatoka kwa spika polepole, kama mtu anakuimbia ukianza kusinzia. Wamama wanaifuatisha chini chini. Hata ule msee alikuwa anajifanya mgumu tangu mpande gari ananyamaza.

Huyo ndiye Jim Reeves, na alikufa 1964. Nasema mapema kwa sababu binamu yangu mmoja wa Litein, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anaamini huyu buda bado ako hai, ati amezeeka tu na anakaa mahali Marekani akingoja Desemba ifike. Sikumcheka sana. Ukikulia Kericho ama Bomet, hiyo sauti iko kwa nyumba kabla uzaliwe, na hakuna mtu hukukalisha chini akueleze ni ya nani.

Basi wacha nikukalishe.

Jina lake kamili ni James Travis Reeves. Alizaliwa 20 Agosti 1923 huko Galloway, mashariki mwa Texas, karibu na mji wa Carthage. Ukiskia Texas usifikirie visima vya mafuta na majumba. Hii ilikuwa ocha kabisa. Shamba, umaskini, watoto wengi. Babake alikufa Jim akiwa hajamaliza hata mwaka mmoja, mamake akabaki na boma yote kichwani. Jim ndiye alikuwa kitinda mimba. Kama unatoka kwa nyumba ambayo mathee mmoja alilea kila mtu na robo ekari ya chai, hiyo picha huhitaji kuchorewa.

Kakake mkubwa alikuwa na sahani ya santuri ya msanii anaitwa Jimmie Rodgers. Jim mdogo akaiskia, na hapo ndipo alipotea. Akaanza kutafuta gita, akaipata, akajifunza mwenyewe.

Sasa hapa lazima tusimame, kwa sababu hii ndiyo sehemu hunifanya niskie baridi kwa shingo.

Jimmie Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi. Alikufa 1933 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 35 tu, na Wamarekani humuita baba wa muziki wa kantri. Sahani zake hazikuishia kwao. Wazungu walikuja nazo huku kwetu pamoja na magramofoni yao, na Wakipsigis wakaskia mwanaume anaimba na gita, anarusha sauti juu kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto, halafu ukiangalia hakuna mwanaume. Ni sanduku tu. Ulimi wa kwetu ukalichukua hilo jina ukalipika upya likawa Chemirocha. Mwaka wa 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka na mashine zake za kurekodi, akafika Kapkatet, na wasichana wa Kipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya wakamwimbia wimbo wa huyo Chemirocha. Kwa maelezo aliyoandika Tracey, Chemirocha wa hao wasichana hakuwa mtu kamili. Alikuwa nusu mtu nusu swara. Hiyo rekodi imezunguka dunia yote, na baada ya miaka zaidi ya 60 ikarudishwa Kapkatet, wazee wakaiskia tena.

Umeona hiyo hesabu? Sauti ya mtu mmoja. Upande mmoja inamwasha mtoto maskini wa Texas, anakuwa Jim Reeves. Upande mwingine inafika Kapkatet, wasichana wanaitungia kiumbe. Kwa hivyo ukiskia watu wa Nairobi wakituchekea ati Wakale na kantri, ati sisi ni makauboi wa mursik, waambie wapunguze. Sisi tulikuwa tumemwimba baba ya hiyo muziki kabla wao wajue kantri ni nini.

Turudi Texas. Jim alikuwa mrefu, ana nguvu, na besiboli alikuwa anaicheza ka mchezo. Ikamletea ufadhili wa masomo Chuo Kikuu cha Texas, asomee kuongea mbele ya watu na uigizaji. Alikaa wiki sita. Wiki sita tu, msee akafunga virago akaenda Houston kufanya kazi kwa viwanda vya kuunda meli, kwa sababu ilikuwa wakati wa vita na hapo ndipo ganji ilikuwa. Mimi nilikaa chuo semista tatu kabla karo inishinde, kwa hivyo hapo nimemshinda Jim Reeves, na hiyo rekodi yangu hakuna mtu ataninyang'anya.

Jeshi lilimkataa, moyo wake haukuwa sawa. Akarudi kwa besiboli, 1944 akasainiwa na timu ndogo ya St. Louis Cardinals huko Lynchburg, Virginia. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira. Alicheza kama miaka mitatu hivi, siku moja akirusha akaumia neva ya mguu, na ndoto ikaisha hapo. Anakaribia miaka 24, hana digrii, hana timu, mguu mbaya. Mwaka huo wa 1947 akaoa dem wake, Mary White. Kumbuka hilo jina la Mary, litarudi.

Kilichomwokoa ni redio. Alianza kutangaza kwa stesheni ndogo mji wa Henderson, Texas, baadaye akaenda KWKH ya Shreveport, Louisiana, stesheni iliyokuwa na shoo kubwa ya Jumamosi usiku inaitwa Louisiana Hayride. Kazi yake ilikuwa kuita wasanii jukwaani na kusoma matangazo. Ukimskiza vizuri hata leo, utaskia huyo mtangazaji ndani ya muimbaji. Kila neno linatoka limekamilika, hakuna herufi inamezwa. Ndio maana hata gogo yangu ambaye Kiingereza alichosoma kiliishia darasa la tatu anaweza kuimba Jim Reeves neno kwa neno. Jaribu kufanya hivyo na marapa wa siku hizi.

Stori inayojulikana ni kwamba usiku mmoja wa 1952 msanii aliyengojewa Hayride hakutokea, na mtangazaji akasukumwa jukwaani azibe pengo. Watu wakapenda. Mwaka uliofuata akatoa Mexican Joe, ikapanda mpaka namba moja kwa chati za kantri. Halafu Bimbo, namba moja tena. Lakini ukiziskiza hizo ngoma za mwanzo unaweza kukataa ni yeye. Anaimba kwa nguvu, juu juu, kama mtu anauza miwa stendi. Ni poa, lakini si huyo wa mat ya Kericho.

Mabadiliko yalikuja baada ya kusainiwa na kampuni ya RCA Victor mwaka wa 1955 na kuhamia Nashville, akaingia pia kwa shoo ya Grand Ole Opry. Jim akaamua kushusha sauti. Akasogeza mdomo hadi karibu uguse maiki, akaacha kupiga kelele, akaanza kuimba kama mtu anaongea na wewe pekee. Wakubwa wa kampuni hawakufurahia. Kwao, muimbaji wa kantri ni mtu wa kurusha sauti mpaka nyuma ya ukumbi. Produsa wake Chet Atkins, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gita hatari sana, ndiye alisimama na yeye. Mwaka wa 1957 wakatoa Four Walls, ngoma iliyokuwa imekusudiwa muimbaji wa kike, kuhusu mtu anakaa ndani akingoja mpenzi asiyekuja. Ikashika namba moja kwa kantri na namba 11 kwa chati za muziki wa kila mtu. Hapo ndipo Jim Reeves tunayemjua alizaliwa.

He'll Have to Go ikamaliza maneno. Ilitoka mwisho wa 1959, ikiwa imewekwa upande wa pili wa sahani, yaani haikuwa hata ndiyo wanategemea. Madijei wa redio wakageuza sahani. Msee ako kwa baa, anapigia dem simu, na huko kwa dem kuna chali mwingine. Hiyo ndiyo stori yote. Wiki 14 namba moja kwa kantri mwaka wa 1960, na namba mbili kwa chati kubwa ya Marekani. Nimeona wazee wa Bomet wakiicheza kwa harusi, bwana na bibi wakizunguka polepole kwa nyasi, kwa wimbo wa kugombania mke wa mtu ama dem wa mtu. Hakuna anayejali. Sauti imeshinda maneno.

Wakamuita Jim Muungwana. Alivaa suti badala ya nguo za kung'aa na kofia za kauboi, nywele zimelala vizuri. Lakini usidhani alikuwa malaika. Kwa kazi alikuwa mkali, alitaka kila kitu kiwe sawa, na kitu kidogo kilimkasirisha. Mwaka wa 1963 alizunguka Ireland na kila ukumbi alikuta piano haijatengenezwa sauti, akachoka nayo kabisa. Walimpenda hivyo hivyo. Norwe walimpenda, India na Sri Lanka walimpenda. Ni kama kila mahali kuna kijiji kilichoamua huyu ni wetu.

Na Afrika Kusini. Hapa siwezi kupita haraka.

Mwaka wa 1962 Jim alienda Afrika Kusini na Chet Atkins na mpiga piano Floyd Cramer, wakajaza kumbi. Alikuwa supastaa huko. Alirudi akaigiza filamu nzima, Kimberley Jim, ya 1963, kuhusu wachimba almasi, na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Sasa weka tarehe kando ya tarehe. Mwaka wa 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville kwa sababu ya kupinga vitambulisho vya kutembea. Mwaka huo huo wa 1962 ndio Mandela alikamatwa. Huyu msee mwenye sauti ya kubembeleza alikuwa anaimbia hao watu, kwa lugha yao, katikati ya hayo yote. Sitamtetea. Kuna mtu ataniambia wakati ule kila mtu alikuwa anaenda, na mimi nitamwambia hapana, si kila mtu. Nampenda Jim Reeves na hiyo doa iko, na nikiskia ngoma zake huwa inapita kwa kichwa, halafu naendelea kuskiza. Ndivyo nilivyo, sijapata jibu lingine.

Krisi sasa.

Mwaka wa 1963 RCA Victor wakatoa albamu yake inaitwa Twelve Songs of Christmas, produsa akiwa Chet Atkins tena. Nyimbo kumi na mbili, kama jina linavyosema. Inaanza na Jingle Bells, inamalizika na Silent Night. Katikati kuna Blue Christmas, Senor Santa Claus, An Old Christmas Card, White Christmas, Silver Bells, na ile ya kuspeli Krismasi herufi moja moja, ambayo nakuapia ndiyo ilifundisha nusu ya watoto wa Konoin spelingi ya hilo neno kabla wafike shule. Halafu zinakuja zile za kanisani: O Little Town of Bethlehem, Mary's Little Boy Child, O Come, All Ye Faithful.

Uzito wa hii albamu ni kwamba Jim hakujaribu kuzibadilisha. Wasanii wengi wakipewa nyimbo za zamani za Krismasi wanataka kuonyesha uwezo, wanapanda, wanashuka, wanazungusha neno moja mara saba. Jim anaimba noti iliyoandikwa, kwa mwendo wa mtu hana haraka, na waimbaji wa nyuma wako mbali kidogo kama wako chumba kingine. Silent Night yenyewe iliimbwa mara ya kwanza 1818 kwa kanisa la kijiji cha Oberndorf, Austria, na ilipigwa na gita, hakuna kinanda. Kwa hivyo ikifika kwa mtu wa gita kutoka ocha ya Texas, ni kama imerudi kwao.

Najua kuna watu hapa wako tayari na Boney M. Tulieni. Mary's Boy Child ya Boney M ilitoka 1978, na albamu yao ya Krismasi 1981, na ni moto, hakuna mtu anakataa. Boney M ni ya mchana wa tarehe 25, wakati mbuzi ashaingia kwa moto na watoto wameshapewa soda. Jim Reeves ni ya usiku wa 24. Hizo ni kazi mbili tofauti.

White Christmas ndiyo ilikuwa inanichanganya nikiwa mdogo. Theluji sijawahi kuona. Lakini sisi kwetu tunajua mvua ya mawe. Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe sana duniani, na mara ingine inaanguka mpaka shamba lote linakuwa jeupe kama limemwagiwa chumvi. Sisi watoto tulikuwa tunatoka mbio kuiokota tuiweke mdomoni, na Jim Reeves akiimba krismasi nyeupe nilikuwa naona hiyo. Sikuelewa kwa nini anaiomba. Kugo, babu yangu, akiskia mawe yakianza kugonga mabati alikuwa anakaa chini na hasemi kitu, kwa sababu kila jiwe linaanguka kwa jani changa, na jani likitoboka hakuna kuchuma wiki kadhaa, na bonasi ya Oktoba inaanza kupungua ukiangalia. Huyu mzungu anaomba nini jamani?

Fikiria pia wakati. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963. Hiyo Krismasi ya albamu mpya ya Jim ndiyo ilikuwa Krismasi ya kwanza ya nchi huru. Mwaka uliofuata, 1964, KTDA ikaundwa, na wakulima wadogo wengi zaidi kama kugo wakaanza kupanda chai kwa mashamba yao wenyewe, zao ambalo serikali ya wakoloni ilikuwa imeachia makampuni ya wazungu kwa miaka mingi. Kugo alipanda miche yake, akangoja, na bonasi yake ya kwanza ya maana akanunua vitu viwili: ng'ombe wa gredi, na santuri. Ng'ombe alikufa zamani. Santuri iko.

Sasa Jim. Hiyo Krismasi ya 1963 ilikuwa ya kwanza kwa albamu yake kuwa madukani, na ilikuwa ya mwisho kwake.

Alikuwa amejifunza kurusha ndege na alipenda kuendesha mwenyewe. Ijumaa, 31 Julai 1964, alikuwa Batesville, Arkansas, na Dean Manuel, mpiga piano wa bendi yake ya Blue Boys na mshirika wake wa biashara. Walikuwa wameenda kuangalia mambo ya ploti. Hata supastaa wa Marekani anafuatilia ploti. Jioni wakapanda ndege ndogo ya injini moja, Beechcraft Debonair, kurudi Nashville. Walikuwa wamekaribia kabisa nyumbani waliposhikwa na dhoruba juu ya Brentwood, nje tu ya mji. Mvua nzito, mawingu, haoni chini haoni juu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulisema alipoteza mwelekeo ndani ya hiyo mvua. Ndege ikashuka kwa msitu.

Kilichofuata kinaumiza hata ukisoma miaka 60 baadaye. Hawakuonekana mara moja. Ilichukua kama saa 42. Watu mamia waliingia kwa miti kutafuta, na ndani yao kulikuwa na wasanii wenzake, majina makubwa kama Marty Robbins na Ernest Tubb, wanatembea kwa matope wakitafuta rafiki yao. Redio, ile ile iliyomlea, ndiyo ilikuwa inapeana habari kila baada ya muda. Mabaki yakapatikana Jumapili, 2 Agosti. Siku ndege ilianguka, Jim alikuwa amebakisha siku 20 afikishe miaka 41.

Mwili ulirudishwa Carthage, ukazikwa kando ya barabara, na sanamu yake imesimama hapo na gita. Mbwa wake, Cheyenne, alipokufa naye alizikwa hapo karibu. Jim na Mary hawakuwa na watoto.

Mary ndiye amefanya hii makala iwezekane. Mwanamke wa kawaida angekaa na huzuni yake, na hakuna mtu angemlaumu. Mary alikaa na mikanda. Jim alikuwa amerekodi nyimbo nyingi ambazo hazikuwa zimetoka, na Mary na RCA wakawa wanazitoa moja moja, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anatoa mahindi kwa stoo bila kuyamaliza. Mwaka wa 1966, Jim akiwa kaburini mwaka wa pili, Distant Drums ikakaa namba moja Uingereza wiki tano. Tano! Wakati wa Beatles! Mwaka wa 1967 akaingizwa kwa ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri. Nyimbo zake ziliendelea kuingia kwa chati mpaka miaka ya themanini. Mwaka wa 1981 wakafanya kitu cha ajabu, wakachukua sauti yake na ya Patsy Cline, ambaye pia alikufa kwa ajali ya ndege, Machi 1963, wakaziunganisha studioni zikawa wimbo mmoja. Hao wawili hawakuwahi kurekodi pamoja wakiwa hai. Leo tunashangaa kompyuta kuimbisha wafu, kumbe hii stori ni ya zamani. Mary mwenyewe alikufa 1999.

Huku kwetu hakuna mtu alikuwa anafuata hizo chati. Sauti ya Kenya ilipiga, KBC ikaendelea, na shoo ya Sundowner ikakaa na hizo ngoma za polepole jioni mpaka zikawa kama za hapa. Makanisa nayo yakachukua upande wao, kwa sababu Jim alikuwa na albamu nzima ya nyimbo za dini, We Thank Thee ya 1962, na This World Is Not My Home nimeiskia kwa mazishi mengi kuliko harusi. Stesheni za Kikalenjin zilipokuja zikamkuta ashakaa kwa kiti. Siku hizi ukienda mji wowote kuanzia Sotik mpaka Silibwet kuna kijana na kompyuta anakujazia memori kadi, na ukimwambia tu nyimbo za Krisi haulizwi za nani.

Santuri ya kugo iko kwa sitting rumu, imefunikwa na kitambaa cha kufuma. Kugo alituacha, gogo akabaki nayo. Sahani ya Krismasi imekwaruzwa, na mahali fulani kwa Silver Bells inaruka, inarudia neno moja mpaka mtu ainuke aguse mkono wa sindano. Sisi wote tukiimba hiyo ngoma mahali popote, hata kanisani Nairobi, tunaruka hapo hapo.

Krisi moja miaka michache iliyopita, tukiwa tumekaa na chai, usiku wa 24, nikamwambia gogo kwamba huyu mtu alikufa zamani sana, 1964, kwa ndege, kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimetoka kuisoma kwa simu na nikadhani anajua. Hakuwa anajua. Alinyamaza. Akaniuliza kama aliacha watoto, nikasema hapana. Akauliza bibi je, nikamweleza Mary na mikanda yake, vile alitoa nyimbo pole pole miaka yote hiyo. Hapo akatikisa kichwa kama mtu ameskia habari ya jirani. Nje mvua ilikuwa imeanza, na sote tukaskiza kwanza kama ni maji ama ni mawe. Ilikuwa maji. Akaniambia nigeuze sahani upande wa pili.